Mikunde ya Salale: Kuilima na Kuipiga Picha

Njegere za maua, zile zinazonukia ambazo wenye bustani wa Ulaya huzipenda sana, usizihangaikie hapa Salale, kwenye delta ya Rufiji. Asili yake ni kisiwa cha Sisilia. Mtawa Francesco Cupani alituma mbegu zake Uingereza mwaka 1699, na tangu hapo zimelelewa kwenye baridi. Joto likizidi, vitumba vya maua hudondoka kabla havijafunguka. Mwenye shamba Lushoto au Njombe, ambako njegere za kula zinakubali, anaweza kujaribu. Huku deltani utapoteza mbegu na hela ya pakiti. Isitoshe, mbegu zake zina sumu, na mtoto aliyezoea kutafuna njegere hawezi kujua tofauti.

Hasara yenyewe ni ndogo, maana ukoo wa mikunde umejaa tele hapa. Kuna kunde, choroko, fiwi, mbaazi na njugu mawe. Uani kwa watu wa pwani utakuta pia ule mtambaazi wenye ua la buluu iliyokoza, ambao wataalamu huuita Clitoria ternatea. Hata komwe za kuchezea bao ni mbegu za mkomwe, na mkomwe ni wa ukoo huo huo. Upupu nao ni ndugu yao, kwa hiyo usipeleke mkono kwenye kila mtambaazi wenye maua ya zambarau ukidhani umepata fiwi.

Ushauri wangu ni kwamba shamba la chakula na shamba la picha liwe moja. Anayeinama kila asubuhi kupiga picha ua la kunde ndiye anayewaona vidukari siku ya kwanza wanapoingia, wakati jirani yake anawaona majani yakishajikunja.

Ujue maji yako kwanza

Salale ni kata ya delta, wilayani Kibiti, mkoa wa Pwani. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na chumvi inasafiri nayo. Wakati wa masika mto una nguvu na unaisukuma chumvi nje. Kiangazi mto unapopungua, bahari inapanda juu, hasa siku za bamvua. Maji ya mkondo yaliyokuwa mazuri mwezi wa tano yanaweza kuua miche mwezi wa kumi. Kabla ya kumwagilia, onja. Ulimi ukihisi chumvi, miche nayo itaihisi. Tumia maji ya kisima au ya mvua uliyoyakinga, au subiri maji mafu ambapo bahari haipandi sana.

Kunde huihimili chumvi kuliko maharage, ndiyo maana huku hutaona watu wakijisumbua na maharage. Hata hivyo ina kikomo. Ukiona ncha na kingo za majani zinaungua rangi ya kahawia huku katikati bado kijani, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe, usiongeze mbolea. Hiyo ni chumvi. Inua matuta, funika udongo kwa majani makavu ili jua lisivute chumvi juu, na mwaka unaofuata uhamie kwenye mwinuko.

Mahali pa kupanda utapajua kwa mimea iliyopo. Penye mchu na mkandaa paache. Ni pa bahari, na pia ni hifadhi ya serikali iliyo chini ya wakala wa misitu, TFS: kusafisha au kukata hata fito za kusimikia mitambaazi kunahitaji kibali. Penye minazi, miembe na mihogo iliyonenepa, na udongo wa kichanga usiotuamisha maji, ndipo pa mibaazi na njugu mawe. Mbaazi haivumilii kusimama ndani ya maji. Mizizi yake inaoza. Kunde na choroko zinafaa kwenye tope la mto lililoachwa na mafuriko. Warufiji wana kilimo chao cha zamani, mlau, cha kupanda maji yakishapungua na udongo ukiwa bado na unyevu, pasipo kungoja mvua nyingine. Ni kilimo cha akili sana, na sijaona kitabu cha ugani kilichokizidi kwa ardhi hii.

Mafuriko yale yale yanayoleta rutuba huchukua pia. Mwaka 2024 maji yalizamisha mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, na mwezi wa tano kimbunga Hidaya kikafuata. Mbegu zako ziweke nyumba mbili tofauti, moja ikiwa kwa ndugu anayekaa nchi kavu, Kibiti mjini au Bungu.

Kupanda

Kunde unayoilimia punje ipande masika yakielekea mwisho, ili vitumba vikomae na kukauka jua likiwa kali. Ukipanda mapema, mvua itavikuta vimekomaa na vitaota au kuoza vikiwa mtini. Kunde ya mboga haina masharti hayo, hata vuli ipande. Weka nafasi ya sentimita 60 kati ya mstari na mstari na sentimita 20 kati ya shimo na shimo, mbegu mbili kila shimo, kina kisichozidi sentimita 4. Ndani ya siku chache zitachomoza. Aina za muda mfupi hutoa maua baada ya wiki tano au sita, na choroko inakwenda nazo sambamba.

Usimwage mbolea ya urea. Mizizi ya mikunde inakaa na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Ng'oa mche mmoja wa wiki ya tano, taratibu kwa jembe dogo, uoshe mizizi, kisha upasue kifundo kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au cha kijani, bakteria hawafanyi kazi, na hapo samadi iliyooza vizuri itasaidia. Picha ya kifundo kilichopasuliwa, ikipigwa juu ya kiganja chenye maji, ni katika picha nzuri kuliko zote shambani, na karibu hakuna anayeipiga.

Kuna tamaa ya kuchuma majani ya kunde kila siku kwa sababu mboga ya nazi haina mpinzani. Chuma, lakini mistari miwili iliyo pembeni uiachie ichanue bila kuguswa. Hiyo ndiyo ya punje na ya kamera.

Mibaazi inahitaji nafasi kubwa zaidi: mita moja na nusu kati ya mistari, nusu mita kati ya mashina. Waangalie wenzako wanaochanganya na mahindi. Mbaazi hukua polepole mwanzoni na haiyabani mahindi. Mbegu zilizotoka vituo vya utafiti vya Tanzania ni pamoja na Komboa, ya muda mfupi, na Mali, inayochelewa zaidi. Komboa itakupa maua mapema. Ukilima kwa ajili ya kuuza, kumbuka yaliyowapata wakulima wa kusini mwaka 2017, India ilipowekea ukomo mbaazi zinazoingia nchini mwake na bei ikaporomoka. Panda kiasi ambacho nyumba inaweza kula kama soko likikataa.

Fiwi ndiyo inayokaribia zaidi njegere za maua za Ulaya. Inapanda juu, shada lake linasimama wima, maua ni zambarau au meupe na yana harufu. Vitumba vya aina nyingine vina rangi ya zambarau inayong'aa. Isimikie mianzi au vijiti vya mibaazi ya mwaka jana, urefu wa mtu na zaidi, kwa sababu ikikosa pa kupanda italala juu ya kunde zako. Punje kavu za fiwi zichemshe, mwaga maji, chemsha tena. Usizile nusu mbichi.

Ule mtambaazi wa buluu mbegu zake zina ganda gumu. Zikwangue kidogo kwenye msasa au kwenye jiwe, zilaze majini usiku mmoja, kisha panda kando ya uzio. Joto haliusumbui, ukame unauvumilia. Maua yake hutiwa kwenye maji ya moto yakawa chai ya buluu, na ukikamua ndimu inageuka zambarau. Wageni wanaopita Nyamisati kwenda Mafia wataipenda kuliko wenyeji, ambao watauliza mchaichai umekwisha lini.

Saa ya ua

Ua la kunde linaishi asubuhi moja. Linafunguka alfajiri, na jua likipanda linaanza kufumba. Mchana umeshachelewa, na kesho yake limenyauka. Kwa hiyo saa zako ni kuanzia saa 12 na nusu hadi kama saa 3. Fiwi na mtambaazi wa buluu wana subira zaidi, na mbaazi pia, lakini upepo hauna. Miezi ya kusi upepo unaamka pamoja na jua, na ukingoja saa 4 utakuwa unapiga picha ukungu wa rangi ya njano.

Litazame ua kwa karibu kabla ya kuinua simu. Karibu mikunde yote unayoilima imejengwa kwa mpango mmoja: petali moja pana imesimama nyuma kama tanga, mbili ziko ubavuni, na mbili za chini zimeungana kuwa mkuku wa jahazi. Ndani ya mkuku huo kuna stameni na ovari. Bonyeza petali za ubavuni taratibu kwa kidole na utaona chavua inatokeza. Ndicho anachofanya nyuki akitua. Ua la mtambaazi wa buluu limepinduka, petali pana iko chini, na ndiyo sababu picha yake ikipigwa kutoka juu hutoka vizuri wakati ya kunde ikipigwa kutoka juu haionyeshi kitu. Kunde ipige kutoka ubavuni, usawa wa ua lenyewe. Njugu mawe inakulazimisha kulala chini kabisa: maua yake ya njano hutokea kwenye shina, sentimita chache tu kutoka ardhini, na yakishachavushwa hujisukuma udongoni ambako punje hukomaa. Tandika kiroba ulalie. Asubuhi kuna umande, na siafu hawachelewi.

Delta hii inajua kuficha. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha kwenye mkondo karibu na Salale, imefunikwa matawi ya mikoko, na Waingereza walihangaika kuitafuta kwa ndege. Ilizamishwa Julai 1915. Kama meli nzima ilipotea kwenye kijani hiki, ua la sentimita mbili litapotea bila jasho. Kosa la wengi ni kupiga ua la kijani-njano likiwa mbele ya majani mengine ya kijani. Sogea hatua moja kushoto au kulia mpaka nyuma ya ua kuwe na kivuli cheusi cha mwembe, au mwombe mtoto ashike kaniki mita moja nyuma. Kaniki ni bora kuliko kanga, kwa kuwa maua na maandishi ya kanga yataligombania jicho.

Simu ya kawaida inatosha. Futa kioo cha kamera kwanza kwa pamba safi. Pwani kila kitu kina chumvi na mafuta ya vidole, na picha nyingi zinazolaumiwa kwa ubovu wa simu ni za kioo kichafu. Usivute kwa vidole kukuza, sogea mwenyewe. Lakini usisogee kupita kiasi, kwa kuwa simu nyingi zikifika karibu sana zinashindwa kulenga. Rudi nyuma mpaka ua likae wazi, kisha utakata kingo baadaye. Gusa ua kwenye skrini, halafu punguza mwanga kidogo. Petali nyeupe za kunde na za njano za mbaazi huungua haraka, na picha iliyoungua hairudi, ila iliyo nyeusi kidogo inarekebishika.

Jua likishapanda na huna budi kuendelea, kiroba cheupe cha sukari kikishikwa juu ya mmea kinalainisha mwanga vizuri. Upande wa kivuli weka ukurasa mweupe wa daftari uakisi mwanga kwenye ua. Ua la buluu lipigie kivulini kabisa, maana juani simu nyingi hulifanya zambarau, na mtu uliyemwahidi buluu atadhani umemdanganya. Upepo ukizidi, simika kijiti kando ya shina na ulifunge kwa uzi mahali ambapo kamera haitaona, halafu piga picha kadhaa mfululizo. Moja kati yake itakuwa imetulia.

Mashua ikivuka mkondo, simu ikae kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza. Na usishuke ukingoni mwa mto kutafuta picha ya kunde zenye maji nyuma yake. Mamba yupo na kiboko yupo, na mtu aliyechuchumaa akitazama skrini hawaoni.

Ukitaka kupiga picha shamba la mwingine, piga hodi kwanza hata kama hakuna mlango. "Shikamoo bibi, kunde zako zimependeza, naomba nizipige picha." Akijibu marahaba na kukuuliza za nini, mwambie ukweli. Watu wa delta wameshaona wengi wakija na vipimo na kamera, na baada yao zikaja amri kuhusu mashamba yaliyo karibu na mikoko. Mtumie picha siku hiyo hiyo, na asiyekuwa na simu mchapishie moja Kibiti umpelekee.

Picha ya mgonjwa

Picha ya maua ni ya kufurahisha, lakini iliyo na faida zaidi ni ya mmea unaoumwa. Afisa ugani ana vijiji vingi na boti ni za kungoja, kwa hiyo mpelekee macho yako. Ukimtumia jani moja lililokatwa, limepigwa juu ya meza usiku, hawezi kusema kitu. Anachohitaji ni shamba zima likionyesha ugonjwa umekaa sehemu gani, kisha mmea mmoja kuanzia shina hadi ncha, kisha jani upande wa juu na upande wa chini, na mwisho mdudu mwenyewe akiwa na sarafu ya shilingi mia kando yake ili ukubwa ujulikane. Taja tarehe ya kupanda na dawa uliyokwisha kupuliza. WhatsApp hubana picha. Itume kama faili ili mdudu asigeuke doa.

Wapo wadudu wawili utakaowakuta mara nyingi kwenye kunde. Vidukari weusi hujipanga kwenye vikonyo vichanga, na sisimizi wanaowafuata ndio watakaokuonyesha walipo. Usiwahukumu sisimizi kwa haraka, maana kunde yenyewe inatoa utamu nje ya ua na wengine wanafuata huo tu. Fuata mstari wao mpaka mwisho ndipo uamue. Wa pili ni funza wa vitumba, Maruca, anayeanzia ndani ya ua. Ukiona maua yamegandana kwa nyuzi nyembamba na kinyesi cha rangi ya ugoro, yafungue. Kiwavi mweupe mwenye madoa meusi yumo. Yaokote maua hayo na uyachome mapema, kabla kiwavi hajahamia kwenye vitumba.

Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, zikalazwa majini usiku na kuchujwa, hupunguza wote wawili zikipuliziwa mara kwa mara. Puliza jioni. Asubuhi nyuki wako kazini, na kwenye mibaazi utawakuta hata wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao za mapaa. Ukipulizia dawa ya dukani kwenye kunde, usichume mboga mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Hilo halina mjadala, hata kama mgeni ameshafika na nazi imeshakunwa.

Kuchagua mbegu kwa picha

Hapa ndipo simu inapolipa gharama yake. Mmea ulio mzuri zaidi siku ya maua si lazima uwe ndio wenye vitumba vingi siku ya kuvuna, na kumbukumbu ya mtu huchanganya. Chagua mimea unayoipenda, funga uzi mwekundu kwenye shina la kila mmoja na kipande cha plastiki kigumu chenye namba. Ipige picha ikiwa na maua, ikiwa na vitumba vibichi, na ikikauka, namba ionekane kila mara. Siku ya kuvuna, keti kivulini ulinganishe. Utakuta mmoja uliochanua sana umebeba vitumba vichache, na mwingine uliokuwa hauna sura una vitumba virefu vyenye punje zilizojaa.

Kunde na choroko kwa kawaida hujichavusha zenyewe, kwa hiyo mbegu ya mmea mzuri huzaa mmea unaofanana nao. Mbaazi haina uaminifu huo. Nyuki hubeba chavua kutoka shamba hadi shamba, na mbegu zako zitachanganyika na za jirani. Ukitaka aina moja isalie, funika tawi lenye vitumba vya maua kwa mfuko wa kitambaa cha chandarua chakavu kabla maua hayajafunguka, halafu uache mpaka mbaazi zitungwe.

Fukusi ndiye adui wa mwisho, na huanzia shambani, ndani ya punje, kabla hujaziona tundu. Zianike mpaka ukiuma punje ivunjike badala ya kubonyea. Kwa mbegu nyingi tumia mifuko ya PICS ya tabaka tatu, ambayo ilibuniwa kwanza kwa ajili ya kunde huko Kameruni. Kwa mbegu chache chupa ya maji ya kunywa iliyokauka kabisa inatosha. Jaza mpaka shingoni pasibaki hewa, kaza kizibo, zungushia utepe. Fukusi waliomo watamaliza oksijeni na kufa. Andika kwenye chupa namba ile ile iliyo kwenye picha, pamoja na mwezi, na usiifungue kumwonyesha mtu. Anayetaka kuziona mwonyeshe simu.